Jicho Lililorefuka



"Daktari, hiyo leza itamponya mwanangu?" Hakuna swali ninaloulizwa kliniki mara nyingi kuliko hili. Anayeuliza ni mama. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita juzijuzi, anafuta miwani kwa ncha ya mtandio, na mdogo wake wa kiume kainamia simu ya mama kwenye benchi. Foleni ikiwa ndefu, mimi hujibu kwa maneno mawili. Leo sina foleni.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi, kutoka mbele hadi nyuma. La binti huyu limezidi. Mwanga unakutana kabla haujaifikia retina, ndiyo maana kitabu anakisoma vizuri lakini kibao cha daladala hakisomi mpaka gari limfikie. Milimita moja ya ziada inatosha kumwongezea karibu daiopta tatu za namba ya miwani. Jicho hurefuka hivyo miaka ya shule, polepole, bila maumivu yoyote.

Zamani tulisingizia ukoo tu. Ukoo umo, sikatai. Lakini mwaka 2008 watafiti walichapisha ulinganisho wa watoto wenye asili ya Kichina, wa miaka 6 na 7, waliokulia Singapore na Sydney. Wasioona mbali walikuwa asilimia 29 Singapore, asilimia 3.3 Sydney. Nikadhani, kama mnavyodhani, kwamba wa Sydney ni wavivu wa kusoma. La hasha! Walisoma vitabu vingi zaidi. Ila walikaa nje saa 14 hivi kwa wiki, wenzao saa 3. Baadaye huko Guangzhou, shule zilizoongeza dakika 40 za kutoka nje kila siku zilipata wagonjwa wapya wachache kuliko shule zilizoendelea na ratiba ya kawaida. Mwanga mkali wa mchana, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, huichochea retina kutoa dopamini, nayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Na tatizo linaweza kuenea mno: huko Seoul, vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa mwaka 2010 walikuwa na tatizo hili kwa zaidi ya asilimia 96. Kwetu bado hatujafika huko.

Sasa leza. Novemba 1981, katika maabara ya IBM mjini Yorktown Heights, Marekani, mkemia Rangaswamy Srinivasan alileta mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, akayapiga kwa leza ya eksaima. Nyama ilikatika safi, kingo zake hazikuungua. (Bado nafurahi kwamba taaluma yangu ilitokana na kiporo.) Mwaka 1988 daktari Marguerite McDonald aliitumia leza hiyo kwa mara ya kwanza kwenye jicho la binadamu linaloona, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha matumizi yake.

Inachofanya ni kukwangua konea, ambayo unene wake ni nusu milimita hivi, mpaka ipungue mbinuko. Basi. Urefu wa jicho haiugusi. Retina iliyovutika inabaki imevutika, na hatari ya kubanduka inabaki palepale. Zaidi ya hapo kuna macho kukauka na taa za usiku kuzungukwa na duara. Mwenye konea iliyochongoka hatumgusi kabisa; nao hao ni wengi miongoni mwa watoto wetu wanaofikicha macho kwa mzio.

Binti nampima umbo na unene wa konea. Kama namba ya miwani imetulia mwaka mzima, namwambia mama kwamba miwani yaweza kuvuliwa, ila retina tutaendelea kuiangalia. Kisha namgeukia yule mdogo pale benchini, maana jicho lake ndilo linalokua. Huyu hucheza nje muda gani?

"Huyu?" mama hucheka. "Akitoka shule ana tuisheni mpaka magharibi."