Mkutano Usio na Kiingilio

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote wakisumbuliwa na ulevi, walianza kusaidiana kuacha pombe. Ndivyo ilivyozaliwa Alcoholics Anonymous, ambayo leo ina mikutano hata Nairobi.

Mgeni hadaiwi kitambulisho wala ada. Anavuta kiti, anataja jina moja tu, na akipenda anasikiliza bila kutia neno. Sharti la uanachama ni moja: awe anataka kuacha kunywa. Mkutano wa wazi hupokea hata mke, mume au rafiki. Wa faragha ni wa wenye tatizo wenyewe.

Nchini Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo kwa ushauri.

Anayetetemeka, kuweweseka au kuanguka kifafa baada ya kuacha ghafla apelekwe hospitali kwanza, mikutano itafuata.