Bega Linashikwa na Nini?

Leo tutasema juu ya bega. Kila mama ainue mukono wa kuume mpaka sikioni. Aushushe. Sasa aupeleke nyuma, kama mutu anayefunga mutoto mugongoni. Munaona? Goti linakunjwa na kunyooka, basi. Lakini bega linazunguka pande zote. Sababu gani?

Mifupa ya bega ni mitatu. Wa kwanza ni mutulinga, ule mufupa mwembamba wa mbele, chini ya shingo. Uguseni kwa kidole. Wa pili ni mufupa mupana wa nyuma. Wa tatu ni mufupa wa mukono, wenye kichwa cha muviringo.

Fikirini kinu na muchi. Kiungo cha paja ni hivyo: kichwa cha mufupa kimeingia ndani sana, kama muchi ndani ya kinu. Lakini bega ni kama chungwa juu ya kisahani kidogo. Chungwa linazunguka vizuri, lakini linaanguka upesi.

Basi, ni nini inayolishika lisianguke? Ni kano, ni kusema kamba ngumu zinazofunga mufupa kwa mufupa. Pamoja nazo kuna misuli minne inayokumbatia kichwa cha mufupa na kukivuta ndani ya kisahani chake. Tena ule mufupa mupana haukai bure. Ukiinua mukono mpaka juu, karibu theluthi mbili za mwendo zinafanywa na chungwa, na theluthi moja inafanywa na mufupa mupana unaoteleza juu ya mbavu. Kisahani kinafuata chungwa. Mumoja akikataa kazi, mukono haufiki juu.

Sasa tuone hatari. Hapa Goma tunatembea juu ya mawe. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto mujini tarehe 17 Januari 2002, na mawe yake tunayakanyaga mpaka leo. Mama anatoka ziwani na bidoni ya litre 20, ni kusema kilo 20 za maji. Anateleza, anatupa mukono mbele ili asiumize uso. Nguvu yote inapanda kwa mukono, kano zinapasuka, na chungwa linatoka katika kisahani, mara nyingi kwa upande wa mbele.

Utajua namna gani? Bega linapoteza muviringo wake, linakuwa na pembe. Maumivu ni makali. Mama hawezi kugusa bega la pili kwa mukono ule.

Ndipo jirani anakuja: “Lete mukono, nikunyooshee!” Wamama, mukatae. Karibu na kiungo hicho panapita mishipa ya damu na ya fahamu. Mwenye kuvuta bila kuona picha ya mifupa anaweza kuumiza mishipa ile, na mukono unabaki na ganzi, hauinuki tena. Na mwenye kungoja nyumbani majuma mengi, kulirudisha bega lake ni vigumu. Pengine itahitaji kupasuliwa.

Mufanye hivi:

1. Acha mukono jinsi ulivyo. Uutegemeze kwa kitenge kilichofungwa shingoni.
2. Toa pete na bangili, kwa sababu mukono unaweza kuvimba.
3. Usile wala usinywe njiani. Pengine munganga atakupa dawa ya usingizi.
4. Njoo siku ileile. Kama kituo chenu hakina mashini ya picha, muombe barua ya kwenda hospitali inayotunza mifupa, kama HEAL Africa hapa Goma.

Bega likisha kurudishwa, mukono unapumzika kitambaani kwa muda munganga atakaosema, ili kano zipone. Kisha fanya mazoezi aliyokuonyesha. Usiufunge kwa miezi kwa sababu ya woga, maana bega lisilofanya kazi linakauka.

Neno la mwisho ni juu ya watoto. Mutoto aliye chini ya miaka 5, musimuinue kwa mukono mumoja, wala musimukokote sokoni. Kano zake zingali laini, na kwake kiwiko ndicho kinachoteguka upesi. Mumushike chini ya makwapa yote mawili.

Maulizo ya kujibu pamoja:
Bega linashikwa na nini?
Bega likitoka, tunafanya nini, na tunakatazwa nini?
Mutoto mudogo tunamuinua namna gani?

Mama aliyesikia amwambie jirani yake leo, mbele ya kuanguka, si nyuma.