Kusikia Siyo Kujua

Tutazungumza juu ya watu wanaojifunza kwa kusikiliza, kama ninyi mfanyavyo saa hii.

Huko Marekani, mtu akimaliza chuo cha sheria hawi wakili papo hapo. Karibu kila jimbo humtaka kwanza ashinde mtihani. Sehemu moja ya mtihani huo, iliyoanzishwa mwaka 1972, ina maswali 200: 100 kwa saa tatu za kwanza, na 100 kwa saa tatu za pili. Asiyeshinda haruhusiwi kufanya kazi ya uwakili, hata kama amesoma miaka mingi.

Wako watahiniwa wenye kazi na watoto, wasio na nafasi ya kukaa na kitabu mchana kutwa. Hao husikiliza masomo yaliyonaswa, wakiwa ndani ya basi au jikoni. Jambo hilo ni jema, lakini lina mtego. Sauti ikirudiwa mara ya tatu, msikilizaji husema, "Hili nalijua." Kumbe aijuayo ni sauti, siyo sheria.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Wanafunzi waliosoma habari, kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama, walikumbuka mengi zaidi baada ya juma moja kuliko wenzao walioisoma tena na tena. Hao walitumia macho, lakini funzo lake lafaa hata kwa masikio.

Basi mtahiniwa afanyeje? Tutwae mfano. Katika sheria ya kale ya Kiingereza, ambayo watahiniwa hao hujifunza, kosa la kuvunja nyumba lina mambo matano. Inueni mkono, mhesabu kwa vidole. Kwanza, kuvunja. Pili, kuingia. Tatu, nyumba akaayo mtu mwingine. Nne, wakati wa usiku. Tano, nia ya kutenda kosa kubwa humo ndani.

Hapo asimamishe sauti, ayataje yote matano kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha ajiulize: mtu amevunja dirisha saa sita mchana, akaingia, akaiba. Je, ametenda kosa hilo? La, maana kidole cha nne hakipo. Ameiba, lakini hilo ni kosa jingine. Siku hizi majimbo mengi yameacha sharti la usiku. Ndiyo sababu mtahiniwa lazima ajue ni sheria ipi anayoulizwa.

Tena, mtihani wenyewe husomwa na kujibiwa kwa maandishi. Kwa hiyo jioni achukue karatasi na kalamu, ajibu maswali, asahihishe makosa yake. Sikio ni msaidizi tu. Haliwezi kushika kalamu.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Radio ikinyamaza, funikeni vitabu, kila mtu amweleze jirani yake aliyoyasikia. Atakaposita, hapo ndipo pa kurudia.

Maswali ya darasani:
1. Taja mambo matano bila kutazama kitabu.
2. Kwa nini kurudia kusikiliza peke yake hakutoshi?

Kwaherini.