Kupima Udongo Kabla ya Kupanua Barabara

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nataka kusema machache juu ya jambo tunalolikanyaga kila siku bila kulitazama, nalo ni udongo ulio chini ya barabara zetu. Huenda mtu akauliza, "Karani na udongo vyahusianaje?" Jibu lake nitalitoa mwishoni, kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe.

Mji ukikua, njia iliyowatosha watu jana haiwatoshi leo. Twaijua habari ya Barabara ya Morogoro katika Dar es Salaam. Kati ya Kimara na Kibaha, mwendo wa kilometa 19 na zaidi kidogo, kazi ya kuipanua kutoka njia mbili hata nane ilianza mwaka 2018. Na kabla yake, katika mwaka 2017, nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilivunjwa. Mahali ambapo watu wamepoteza maskani ili njia ipite, ni aibu njia hiyo kuharibika kwa sababu ya uzembe.

Wengi hudhani kwamba kupanua barabara ni kuongeza lami kandokando tu. Sivyo. Lami ni kama ngozi. Mwenye kubeba mzigo hasa ni udongo wa asili. Kazi ya matabaka ya kokoto na kifusi ni kuutawanya uzito wa gurudumu, hata ufikapo chini uwe umepungua kiasi cha udongo kuweza kuustahimili. Basi udongo ukiwa dhaifu, matabaka hayana budi kuwa manene. Ukiwa na nguvu, hupunguzwa. Asiyeujua udongo wake ama atapoteza fedha bure, ama atajenga kitu cha kuanguka.

Hupimwaje? Huchimbwa mashimo kando ya njia, na udongo wa kila tabaka hutiwa mfukoni na kupelekwa maabara. Huko hutazamwa ukubwa wa chembe zake na unyevu unaoufanya ulainike. Kisha hutafutwa kiasi cha maji kinachouwezesha kushindiliwa vema kuliko vyote, kwa njia aliyoieleza Bwana Proctor wa Marekani mwaka 1933. Mwisho huja kipimo mashuhuri kilichotoka California, kiitwacho C.B.R. Udongo hushindiliwa ndani ya kopo la chuma, ukatiwa majini siku nne, maana barabara haina budi kusimama hata wakati wa masika. Ndipo nondo nene yenye upana wa milimita 50 hivi hukandamizwa polepole juu yake. Ikiisha kuzama milimita 2.5, nguvu iliyotumika hulinganishwa na kilonyutoni 13.2, ambayo ni nguvu ya kokoto bora. Kwa mfano, udongo ukikinza kwa kilonyutoni 0.92, basi nambari yake ni 7 katika 100. Kitabu cha Tanzania cha mwaka 1999 cha kupanga matabaka ya barabara chaugawa udongo katika madaraja matatu: usiopungua 15, usiopungua 7, na usiopungua 3. Ulio chini ya hapo hutaka dawa yake mbali.

Sasa tuje kwenye kupanua, maana hapo ndipo penye mtego. Udongo ulio chini ya lami ya zamani umeshindiliwa na magari kwa miaka mingi, na unyevu wake umekwisha kutulia. Lakini njia mpya hupita juu ya nini? Hupita juu ya mtaro wa zamani, penye matope, majani yaliyooza, takataka, na mifereji ya mabomba iliyofukiwa kwa haraka. Udongo uliochukuliwa katikati ya njia hauwezi kuushuhudia udongo wa mtaroni. Hauna budi kupimwa peke yake, na mbovu kuondolewa.

Kadhalika ukingo wa zamani hukatwa kwa ngazi, ili kipya kishikamane na cha kale. Na matabaka mapya yasiyazuie maji ya matabaka ya kale kutoka. Yakizuiwa, maji hukaa ndani kama bwawani, na ufa mrefu hutokea pale penye kiungo. Ikiwa ni udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, hatari ni kubwa zaidi.

Wala uzito wa magari si jambo dogo. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukizidishwa mara mbili, madhara kwa barabara huzidi yapata mara 16.

Sasa nalijibu lile swali. Nambari ya udongo hutoka maabara, ikaingia daftarini, ikanakiliwa katika taarifa, ndipo ikamfikia mhandisi. Njiani humo mwote imo mikononi mwa makarani. Mfuko usioandikwa mahali, kina na tarehe ulipochimbwa ni udongo tu, hauna faida. Tarakimu 3 ikinakiliwa 8, matabaka hupunguzwa, na masika ya kwanza hufichua kosa. Na kama mtu ataka 4 iandikwe 14 kwa kuwa kifusi ni ghali, tukumbuke kwamba lori halidanganywi kwa kalamu.

Kwa hiyo naomba tushike mambo matatu: tusipokee mfuko usio na maandishi kamili, kila nakala isomwe na watu wawili, na nambari iliyosahihishwa ikatwe kwa mstari mmoja, ya kwanza ibaki ikisomeka, na aliyeisahihisha atie sahihi yake. Hayo hayataki fedha, yataka uaminifu tu. Waliotoa nyumba zao wanatudai angalau hilo.