Miwani Ikikushinda

 

Katika darasa la watu wazima mara nyingi yuko mtu asemaye, "Miwani nilipewa, lakini yaniumiza kichwa. Nimeitia sandukuni." Baada ya siku chache haonekani tena. Hakushindwa kusoma, ameshindwa na miwani. Leo tutazungumza juu ya mtu huyo.

Mtu akipita miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu, haiwezi tena kujikunja vizuri kutazama vitu vya karibu. Ndiyo sababu huishika barua mbali na uso. Huo si ugonjwa, ni umri.

Sasa chukua karatasi ngumu, uitoboe tundu dogo kwa sindano. Funika jicho moja, na kwa jicho la pili tazama herufi katika tundu hilo. Zikiwa wazi zaidi, yaelekea wahitaji kipimo cha haki. Zisipokuwa wazi, nenda kwa daktari wa macho upesi; huenda ni maradhi.

Mara nyingi kosa ni la miwani yenyewe. Labda ilipimwa kwa mtu mwingine. Labda inabana pua na masikio. Usiitupe! Irudishe ulikopimwa, ueleze unavyoumia.

Kama bado haivaliki, ziko njia nyingine tatu.

Ya kwanza ni lenzi ndogo za kuvaa juu ya jicho. Hizi zataka mikono safi na maji yake maalum ya dawa. Usizioshe kwa maji ya mtungi. Mwenye macho makavu humsumbua.

Ya pili ni mwanga wa leza. Daktari huutumia kuchonga konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Haifai kwa mtoto, wala mama mjamzito, wala mwenye konea nyembamba. Tena mtu wa miaka 50 akitengenezwa aone mbali, bado atataka miwani ya kusomea.

Ya tatu ni lenzi ya kutiwa ndani ya jicho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliona vipande vya plastiki ya ndege vikikaa machoni mwa marubani bila kuwadhuru. Mwaka 1949, mjini London, alimtilia lenzi ya plastiki mgonjwa wa mtoto wa jicho. Siku hizi watu wengi wanaotolewa mtoto wa jicho hutiwa lenzi ya namna hiyo.

Na asiyepata hata moja? Aketi karibu na dirisha. Atumie kioo cha kukuza. Amwombe mwalimu amwandikie herufi kubwa. Ila asiache darasa.

Maswali ya kujibu:
1. Kwa nini mtu mzima huishika barua mbali na uso?
2. Miwani ikikuumiza, utafanya nini kwanza?
3. Je, nani hafai kutengenezwa kwa leza?