Punguza Muziki, Tusikilizane!

(Mazungumzo ya mwalimu mlezi wa klabu ya afya na wanafunzi wa sekondari, Bashay)

Leo sina somo la malaria. Tuongee kuhusu muziki. Msinune! Hata mimi harusini nacheza mpaka vumbi linatimka. Lakini muziki wa dukani, ambao hakuna mteja aliyeuomba, una shida yake.

Siku moja ya mnada niliingia duka la dawa. Spika kubwa ilikuwa inanguruma mlangoni. Mbele yangu alikuwepo binti wa rika lenu. Akanong'ona shida yake. Muuzaji akauliza, "Unasemaje?" Akarudia. "Sema kwa nguvu, sisikii!" Wote tukageuka kumtazama. Basi akaomba dawa ya kichwa, akalipa, akaondoka. Nadhani kichwa hakikuwa kinamuuma. Alikosa msaada kwa sababu ya wimbo tu.

Na yule muuzaji je? Sisi tunakaa pale dakika 5, yeye anashinda kutwa. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa, havioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu! Huna kipimo? Kama inabidi umpigie kelele mtu aliye karibu nawe kabisa, sauti imezidi. Ukitoka hapo masikio yanalia "wiii", ujue yameumia.

Mtasema, "Mwalimu, duka si ni lake?" Ni lake, ila masikio ni yetu. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2015, na mwaka 2023 Baraza la Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi za starehe kwa ajili ya kelele. Lakini tusianze na serikali. Tuanze na adabu: "Shikamoo mama, samahani, naomba upunguze muziki kidogo tusikilizane." Wengi watapunguza. Akikataa, nenda duka lingine, au mwombe mkaongelee pembeni. Na wewe utakayefungua mgahawa au duka lako kesho, kumbuka: mteja amekuja kusikilizwa.

Mimi siku ile nilinyamaza. Nilikuwa mtu mzima pale, ningeweza kusema, sikusema. Ninyi msinyamaze.

Haya, nani ana swali?