Mwalimu Aliyeachishwa Kazi Bila ya Kusikizwa

(Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakamati na walimu wa madrasa, Mombasa)

 

Ndugu zetu, leo hatukuja kuwahadithia dhulma ya matajiri wa viwandani. Tumekuja kuzungumzia dhulma inayotendeka ndani ya ua wa madrasa, na sisi tuliosimama mbele yenu tuna fungu letu ndani yake.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa katika kamati ya madrasa moja hapa Pwani. Mzazi mmoja alishtaki kwamba mwalimu wa watoto wake hukosa darasa za alasiri. Kamati ilikutana baada ya sala ya Ishaa, ikakata shauri kwa muda wa nusu saa, na asubuhi yake mwalimu akakabidhiwa barua ya mistari mitatu. Alikuwa amesomesha miaka 9. Hakuna aliyemuuliza neno. Sisi tulinyanyua mkono pamoja na wenzetu.

Baadaye tulikuja kujua kwamba alasiri zile alikuwa akimpeleka mama yake hospitali, na kwamba mudir, ambaye hakuhudhuria kikao kile, ndiye aliyempa ruhusa kwa mdomo.

Tujiulize, tulikosea wapi? Katika fiqhi, kumwajiri mtu ni akdi ya ijara, na kwa wanazuoni walio wengi hiyo ni akdi yenye kulazimu: upande mmoja hauwezi kuivunja utakavyo. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Na Nabii Musa (a.s.) alipoajiriwa Madyan, muda ulitajwa waziwazi: miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake. Aidha, Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayyidna Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimuusia asimhukumie mtu kabla ya kumsikiliza mwenzake. Sisi tulimsikiliza mzazi, mwalimu hatukumsikiliza.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikuwatoa walimu wa madrasa. Anayejitolea bila ya malipo ana hukumu yake. Ama aliyeajiriwa kwa mshahara, hata kama makubaliano ni ya mdomo, huyo ni mwajiriwa. Na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa uadilifu kazini.

Sheria hiyo inataka mambo mawili, na kimoja hakitoshi bila ya chenzake. La kwanza ni sababu ya kweli na ya haki, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuithibitisha. Dini ya mtu, kabila lake au uja uzito wa mwanamke si sababu. La pili ni utaratibu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilizwe kabla ya uamuzi. Hata anayetuhumiwa kuiba, ambaye sheria inaruhusu afukuzwe papo hapo, naye husikilizwa kwanza.

Anayelipwa kwa mwezi hupewa ilani ya maandishi ya siku 28, au mshahara wa siku hizo. Na ikiwa sababu ni upungufu wa fedha, basi hilo ni kupunguza wafanyakazi: kuna ilani ya mwezi, afisa wa kazi hujulishwa, na hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyetumikia miaka 10 anadai siku 150.

Mwajiri akikiuka haya, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi yaweza kuamuru mfanyakazi arudishwe kazini, au alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Tufahamu kwamba miezi 12 ni kikomo, si haki ya kila anayeshtaki. Mahakama hutazama muda wa utumishi, uwezekano wa kupata kazi nyingine, na iwapo mfanyakazi mwenyewe alichangia kuachishwa kwake. Mwalimu wa shilingi 20,000 kwa mwezi aweza kufikia shilingi 240,000. Fedha hizo zitatoka wapi ila katika sadaka na waqfu za Waislamu? Basi haraka ya nusu saa yaweza kula mali ya mayatima.

Nasaha yetu kwa kamati ni hii. Andikeni mikataba. Ruhusa zitolewe kwa maandishi. Ikija tuhuma, mwiteni mwalimu, mpeni siku za kujiandaa, muache aje na mwenzake, na mwekeni kumbukumbu za kikao. Akiondoka, mpeni hati yake ya utumishi na kila shilingi aliyoichumia. Na nyinyi walimu, wekeni karatasi zenu, na msikawie: sheria imeweka miaka 3 ya kudai tangu kosa litendeke.

Yule mwalimu wetu ukweli wake ulidhihiri katika mwaka wa 4. Mlango wa mahakama ulikuwa umeshafungwa. Tulipolileta jambo hili mbele ya kamati, wako waliosema, "Sheria haitudai tena." Ni kweli, sheria haidai. Lakini haki ya mja haifutwi na kalenda, wala haiondoki kwa toba peke yake mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe.

Tulimwendea nyumbani kwake. Alitukaribisha kwa kahawa, akatusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sisi hatukumfanyia. Hakutaja fedha. Alitaka barua moja tu, isemayo kwamba hakukosea, awaonyeshe wanawe. Barua ameipata. Na sisi, katika wale tulionyanyua mkono, tumeanza kumlipa fungu letu mwezi kwa mwezi. Hatusemi haya kwa kujisifu, kwani mwenye kulipa deni hasifiwi.